Herufi AAA kwenye lulu: muulize muuzaji nani kaziandika

Kidani kile nilikinunua Dubai, duka silitaji, kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Muuzaji alinikabidhi na karatasi yenye muhuri: AAA, yaani daraja la juu la ubora. Nikaridhika, nikalipa. Miaka miwili baadaye simu ikaita: "Kaka, lulu zinabanduka." Nilipokishika kidani mkononi, roho iliniuma. Pale penye matundu ya uzi ngozi ya lulu ilikuwa imeambuka kama rangi ya kucha, na chini yake kinaonekana kigololi cheupe kilichofifia.

Kigololi hicho si ulaghai. Lulu za kufugwa za akoya, zile za Japani, hutiwa kiini cha mviringo kilichochongwa kwenye gamba la kombe wa maji baridi, kisha chaza hukifunika tabaka juu ya tabaka. Akivuliwa mapema, ngozi inabaki nyembamba. Kasoro ilikuwa hapo, na zile A tatu hazikuniambia kitu.

Hazikuniambia kwa sababu hazina mwenyewe. Hakuna chombo cha kimataifa kinachozisimamia. Kila duka linajipangia. Lulu za Tahiti zenyewe hupangwa kuanzia A hadi D, na A moja ndiyo ya juu kabisa, kwa hiyo ukiambiwa lulu ya Tahiti ni AAA, uliza maswali.

Cheti chenye uzito hutolewa na maabara isiyouza lulu. GIA ya Marekani haiandiki AAA. Inaeleza ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, uso, ngozi, na jinsi lulu za kidani kimoja zinavyofanana. Ukiambiwa akoya ni hanadama, jina la akoya za daraja la juu kabisa, omba karatasi ya maabara ya Japani, maana neno hilo hata muuzaji anaweza kulitamka tu. Na kama unauziwa lulu ya asili, bei yake ni nyingine kabisa: hapo lazima ipigwe eksirei ionekane ndani, kazi inayofanywa na maabara ya DANAT kule Bahrain, nchi ambayo hairuhusu hata biashara ya lulu za kufugwa.

Kidani cha bei ndogo hakitakuja na cheti cha maabara, basi tumia macho. Toka kwenye taa za duka, zinapendezesha kila kitu. Nenda dirishani, laza kidani kwenye kitambaa cheupe, kibiringishe polepole. Lulu ikipepesa, mara nyeupe mara kijivu, ngozi ni nyembamba. Tazama taswira ya dirisha juu yake: kingo zikiwa kali, mng'ao ni mzuri, zikiwa kama zimefunikwa na ukungu, shusha bei au ondoka. Mwisho chungulia tundu kwa lenzi ya sonara. Mimi naanzia hapo siku hizi.

Kidani cha mdogo wangu tulikipeleka kwa sonara. Alitoa lulu kumi na moja zilizoharibika, zilizobaki akazitunga upya na fundo katikati ya kila mbili, zisisuguane.