GSK-3, kansa na bipola
Umeuliza inakuwaje protini moja itajwe kwenye kansa na kwenye bipola pia, yaani ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Iko hivi ndugu yangu, protini yenyewe ni GSK-3, kazi yake ni kubandika fosfeti, kama alama ndogo ya kikemikali, kwenye protini zingine, mojawapo ni beta-katenini inayochochea seli kugawanyika, ikishabandikwa seli inaivunja, sasa kwenye kansa nyingi za utumbo mpana jeni ya APC, ambayo protini yake huisaidia GSK-3 kwenye kazi hiyo, inakuwa imeharibika kwa hiyo beta-katenini haivunjwi, inajazana na seli zinagawanyika tu bila breki. Huku kwenye afya ya akili, kuna dawa ya bipola iitwayo lithiamu, ambayo daktari wa akili John Cade aliwapa wagonjwa wa mania (ile hali ya kuchangamka kupita kiasi) kule Australia, 1949 hiyo, ikaja kuonekana 1996 kwamba inaizuia GSK-3 hiyohiyo. Ila jamani mtu asiache lithiamu yake kwa kuogopa kwamba kuizuia GSK-3 kutamletea kansa, aongee na daktari kwanza.