Kabla ya kununua salfa, chuchumaa uangalie shina la mkorosho

Mkorosho wa uani kwetu Bagamoyo haukupandwa kwa biashara. Ni wa kivuli: chini yake mgeni hutandikiwa mkeka. Matawi ya upande mmoja yalipoanza kukauka, nikakimbilia dukani kununua salfa, nikakodi pampu, nikapuliza.

Pesa zikaenda bure. Salfa ni ya ubwiriunga, ule ukungu unaoshika maua na majani machanga. Mti wangu ulikuwa unabunguliwa ndani.

Mzee jirani alipokuja hata juu hakutazama. Akachuchumaa.

"Mwanangu, unga huu unatoka wapi?"

Chini ya shina palikuwa na unga wa mbao wa rangi ya kahawia iliyokolea, umegandana na utomvu. Mimi nilikuwa naufagia kila asubuhi nikidhani ni kazi ya sisimizi!

Mhusika ni fukusi mweusimweusi, urefu wake kama sentimita 2, mgongo umejaa vinundu. Akitulia kwenye gome humwoni. Wataalamu humwita Mecocorynus loripes. Jike hutoboa gome na kutaga, kisha funza, mweupe asiye na miguu, huchimba njia chini ya gome kwa miezi kadhaa. Njia hizo zikilizunguka shina lote, mti umekwisha. Dawa ya juu haimfikii.

Tulitumia kisu chenye ncha. Unafungua gome palepale panapotoa unga, unafuata njia mpaka umtoe. Aliyeingia ndani zaidi tulimchoma kwa spoku ya baiskeli. Ila usichune gome kuzunguka shina, maana hapo utamaliza kazi aliyoianza mdudu. Na siku moja haitoshi. Mayai huwa bado yapo.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Tawi lililokufa nililikata, nikalipanga kuni nyuma ya jiko. Bure ni bure, nilijiambia. Kumbe funza waliomo waliendelea kukua ndani ya kuni, wakatoka fukusi kamili, na mkorosho mchanga jirani na jiko ukaanza kumwaga unga. Ukikata tawi lenye bungua, libandue magome, waue waliomo, lililobaki lichome siku hiyohiyo.

Mkorosho huo mchanga nimeshautoa funza wanne. Sehemu moja karibu na ardhi bado inatoa utomvu, kwa hiyo ufagio haupiti hapo mpaka niangalie kwanza.