Re: Shemeji kaanza dayalisisi, hospitali inataka familia ije darasani, kuna haja?

Mkuu habari. Umeuliza kama kuna haja ya familia kuitwa darasani wakati anayeumwa ni shemeji yako peke yake, au ni mbwembwe za hospitali tu. Mimi ni nesi, nimekaa kitengo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa, miaka kadhaa huku pwani, jibu langu ni nendeni, ila swali kubwa ni nani aende. Mara nyingi anakuja kaka mkubwa, msomi, mwenye gari, anaandika kila kitu kwenye simu halafu anarudi zake kwake. Anayepika ni mke wa mgonjwa au dada wa kazi ambaye hajasikia hata neno moja. Sasa hayo mafundisho yatafika jikoni saa ngapi? Mpelekeni anayeshika mwiko.

Na msitegemee mgonjwa mwenyewe akumbuke, hasa wiki za mwanzo. Sumu zikijaa kwenye damu kichwa kinakuwa kizito, juu yake ana hofu, maana mtaani kashaambiwa ukiunganishwa ile mashine ndo basi tena. Anaitikia ndiyo ndiyo kwa kila kitu. Mie huwa simuulizi "umeelewa?", namwambia hebu nieleze ukifika nyumbani utamwambiaje mkeo, hapo ndo unajua kimeingia nini. Mengine yataingia polepole, kwa kawaida anakuja mara tatu kwa wiki na kila awamu ni kama masaa manne, muda wa kuongea upo.

Kinachowachanganya wengi ni hili la kupona. Kuna wanaoletwa figo zimegoma ghafla, malaria kali au mama kapoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, baadhi yao figo zinaamka na mashine wanaachana nayo. Lakini ambaye figo zimekufa taratibu kwa presha au kisukari, mashine inamfanyia kazi ya figo tu, haimponyi, ataendelea nayo labda apate figo ya kupandikizwa. Msipoelezwa hiyo tofauti, jirani atawaambia fulani alisafishwa mara mbili akapona, na mgonjwa naye anajisikia nafuu, basi anaruka awamu. Hata lile pengo refu la wikiendi peke yake tunaliogopa, sembuse mtu aongeze na Jumatatu.

Jikoni sasa. Kabla ya mashine wengi huambiwa wapunguze nyama na mayai, akishaanza mashine mambo yanageuka, protini nyingine inapotea kwenye kusafishwa kwenyewe, kwa hiyo anatakiwa ale samaki, kuku, ute wa yai kwa kipimo atakachopewa. Nyumbani bado wanamnyima, tena kwa mapenzi kabisa, anakonda wanasema ugonjwa unamla.

Potasiamu ndo ya kuogopa zaidi maana ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila dalili ya maana. Ipo kwenye ndizi, parachichi, tende, maji ya dafu, viazi, maharage, mboga za majani. Mwezi wa Ramadhani hata kama yeye hafungi, futari ya nyumbani ni ile ile, tende, viazi vitamu, muhogo wa nazi, wanampakulia na yeye. Viazi na muhogo menyeni, katakateni vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi, mwaga yale maji ndo upike, na hata hapo ni kidogo tu. Sembe na wali mweupe ni nafuu kuliko dona. Bilimbi tunazozipenda huku kwenye achari muache kabisa, zina kemikali ya oksaleti nyingi na figo zake haziwezi kuitoa.

Maji: vipimo vingi ni kama nusu lita kwa siku kujumlisha na kiasi anachokojoa, lakini ulizeni chake. Chai, uji, supu, barafu, tikiti, vyote vinahesabiwa. Ila mimi huwa nabishana na wenzangu, kumwambia mtu asinywe wakati chakula kimejaa chumvi na vile vidonge vya mchuzi ni kumtesa bure, kiu inaletwa na chumvi, anzeni na chumvi. Na zile chumvi mbadala dukani msinunue, nyingi zina potasiamu.

Akishawekewa fistula mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo, kila asubuhi aguse asikie ule mtetemo, ukipotea ni hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo. Akienda zahanati kwa mafua atakuta nesi ambaye hajawahi kuona fistula kashaandaa kile kitambaa cha presha, lazima awe na uwezo wa kusema mkono huu hapana. Kama bado ana mpira wa kusafishia damu shingoni, usilowe, na homa ya kutetemeka msisubiri kesho.

Dawa za mitishamba mkitumia semeni tu, hatuwagombezi, tunataka kujua kilichoingia mwilini. Dawa za maumivu kama diklofenaki za dukani msimpe bila kuuliza.

Siku ya darasa msiondoke bila kuandika uzito wake kavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa, na namba ya kupiga usiku. Kuhusu gharama na bima uliyouliza mwishoni, fungua uzi mwingine mkuu, hiyo ni ndefu.