Kigeuze kwanza: majibu kwa wanunuzi wa vyombo vya maua vya kale vya Marekani

Maswali ya safari hii kwa sehemu kubwa ni yale yale, na sababu ni ile ile: watu wananunua jina lililo kitakoni, chombo chenyewe hawakishiki. Kwenye kauri hakuna kinachoghushiwa kirahisi kama jina. Uzito, udongo, glezi (ganda la kioo lililochomwa juu ya udongo) na ukali wa michoro ndivyo vinavyowashinda waghushi.

*Nimeona Roseville ya Pine Cone, ya buluu, kwenye mauzo ya vitu vya marehemu. Chini imeandikwa "Roseville" bila "U.S.A." Ni feki? (Msomaji, Columbus)*

Inategemea herufi zimekaaje. Pine Cone, mtindo wa kiwanda cha Roseville wenye koni na vitawi vya msonobari, ilianza kutoka 1935, na vya miaka ile vilipigwa jina kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi zikazama ndani ya udongo, bila "U.S.A." Hivyo ni halali kabisa. Baadaye, kuelekea 1940 na kuendelea hadi kiwanda kilipofungwa 1954, herufi zilitokeza nje: "Roseville U.S.A.", kisha namba ya umbo, kistari, na kipimo kwa inchi. Kwa hiyo herufi zilizotokeza nje lakini hazina "U.S.A." zikutie shaka papo hapo. Ndivyo zilivyo nakala nyingi zilizoanza kumiminika kutoka China miaka ya 1990. Nyingine zina "U.S.A." hafifu, kwa hiyo usiishie kwenye jina.

Chukua rula. Kama baada ya kistari pameandikwa 8, chombo kiwe na inchi 8 au karibu sana. Nakala iliyotolewa kalibu kutoka kwa chombo cha asili hutoka ndogo zaidi, kwa sababu udongo hunywea ukikauka na hunywea tena tanurini. Kisha funga macho upitishe kidole kwenye sindano za msonobari. Kwenye cha asili unaihisi kila sindano peke yake, na mkono wa chombo una mafundo kama kitawi halisi. Kwenye nakala sindano zimeshikamana na kitawi ni nene, laini, kama soseji. Tazama na rangi: ya asili ilipuliziwa, inapauka polepole kutoka buluu nzito kwenda nyepesi. Nakala hubadilika ghafla, na kahawia ya koni imemwagikia nje ya mstari.

Buluu ndiyo inayogombewa kuliko kahawia na kijani. Buluu ya bei ya kutupa ichunguzwe mara mbili. Na wewe wa Columbus huna udhuru: Zanesville, ilikokuwa Roseville na kiwanda cha Weller pia, ni mwendo wa saa moja hivi kwa barabara kuu ya 70. Nenda kwenye makumbusho ya sanaa ya mji ule ukazoeze macho kabla ya kutoa pesa.

*Changu hakina alama yoyote chini. Ina maana si cha kiwanda kinachojulikana?*

La. Futura ya 1928 na Sunflower ya 1930, ambazo ni kati ya Roseville zinazotafutwa sana, nyingi zilitoka na karatasi tu ya kubandikwa, na karatasi hudondoka. Ukibahatika kuikuta, usiibandue, usiiloweshe, wala usiipitishie kitambaa chenye maji. Karatasi ya bei ya dukani ndiyo ya kutoa, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, gundi inayobaki kwa mafuta ya kula kidogo. Kabla hujakwangua, soma unachokwangua.

*Kina thamani gani?*

Siwezi kupanga bei ya picha moja ya mbele. Nataka kitako, mdomo kwa juu, ubavu ukiwa na rula, na kila kasoro kwa karibu. Nimeshaliandika hili mara nyingi.

*Rookwood yangu ina herufi R na P zilizogeuziana mgongo, zimezungukwa na miali ya moto, chini yake XXVII. Ni ya lini?*

1927. Rookwood ya Cincinnati ndiyo inayosomeka kirahisi kuliko zote. Herufi hizo zilianza 1886, kuanzia 1887 kila mwaka ukaongezwa mwali mmoja hadi kufika 14 mwaka 1900, na kuanzia 1901 mwaka ukaandikwa chini kwa namba za Kirumi. Pale pale utakuta namba ya umbo na herufi ya ukubwa, A ikiwa kubwa kuliko zote. Ambacho hukuuliza ni hiki: tafuta alama ya X iliyokatwa juu ya glezi kwa jiwe la kunolea. Hiyo si namba ya Kirumi. Ni kiwanda chenyewe kikisema chombo kina kasoro, mara nyingi glezi iliyotoa mapovu au mchoro uliokosewa. Tafuta pia alama ya mchoraji. Kama haipo, umeshika chombo cha kalibu, ambacho ni kizuri lakini bei yake si ya kilichochorwa kwa mkono. Wauzaji wengi hutaja bei za minada ya vilivyochorwa ili kukuuzia cha kalibu.

*Kina nyufa nyembamba kama utando wa buibui na zimeingia weusi. Nikiloweke kwenye jiki usiku mmoja?*

Hapana. Klorini hupenya kwenye nyufa, huingia kwenye udongo ulio chini, na haitoki yote hata usuuze vipi. Chumvi zake hugeuka fuwele kadiri udongo unavyokauka, fuwele huisukuma glezi, na baada ya muda inaanza kubanduka vipande. Kilichobanduka hakirudishiki.

Nyufa zenyewe si ugonjwa. Glezi na udongo havinywei kwa kiasi kimoja vinapopoa, na udongo wenye vitundu huendelea kunyonya unyevu na kuvimba kidogo miaka nenda miaka rudi, basi glezi inapasuka. Kwenye Rookwood na Roseville nyingi ni jambo la kawaida. Mwenye chombo safi chenye nyufa hizi asikubali kuteremshiwa bei kama vile kimevunjika.

Weusi ukikukera, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Ya saluni ni kali, inaunguza ngozi. Kwanza zamisha chombo kwenye maji safi siku nzima, ili udongo ushibe maji kabla ya kushiba uchafu unaolegezwa. Halafu kiweke kwenye ndoo ya plastiki, mimina peroksaidi hadi ikifunike, funika ndoo, weka gizani. Kitazame kila siku. Vingine husafika kwa siku tatu, vingine huchukua wiki na zaidi. Ukimaliza, kirudishe kwenye maji safi siku kadhaa ukiyabadilisha, kisha kiache kikauke chenyewe kwa wiki, chumbani. Usikitie oveni kuharakisha. Na usifanye lolote kati ya haya kama kina dhahabu, karatasi ya kiwanda, au rangi iliyopakwa baada ya tanuri.

*Muuzaji ananiapia hakijawahi kuungwa. Nitajuaje?*

Kwa kumwacha aape huku wewe ukikagua. Kiweke kwenye kiganja, kigonge mdomoni kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa hutoa mlio uliokufa (ila vile vyenye udongo laini na kuta nene havilii sana hata vikiwa vizima). Kisha kimulike na tochi ya urujuanimno, nanometa 365, ndani ya giza. Rangi ya kuzibia hung'aa tofauti na glezi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni mdomo, ncha za mikono na ukingo wa kitako. Ukiwa na shaka, omba ruhusa uguse sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni. Glezi iliyochomwa haiyeyuki, rangi ya juu huacha alama kwenye pamba. Kuunga si kosa. Kuunga na kunyamaza ni wizi, na ninyi mnaouza mtandaoni mkiandika "sijaona kasoro" mnajua mnachokifanya.

*Nina chombo cha kijani kisichong'aa, hakina alama. Jirani anasema ni Grueby.*

Jirani anakutakia mema tu. Grueby ya Boston ndiyo iliyoipa rangi ile sifa, na baada yake kila mtu akaiiga: Teco ya Illinois, Hampshire ya Keene, Wheatley ya Cincinnati, hata Weller na Roseville. Wheatley nyingi hazina alama, na ndizo zinazobatizwa Grueby kila wiki. Grueby ilifinyangwa kwa gurudumu, majani yakabandikwa kwa mkono, kwa hiyo majani mawili hayalingani sawasawa. Ukiona mstari wa kalibu ukishuka ubavuni, umeshapata jibu.

*Kuna tundu katikati ya kitako.*

Ni la kupitishia waya wa taa. Kama glezi imeingia hadi kwenye kingo za tundu, lilitobolewa kiwandani udongo ukiwa mbichi. Kama udongo mkavu uko wazi na kingo zimemeguka, mtu alikitoboa baadaye, na bei lazima ishuke sana. Msitoboe vyenu.

*Fiesta nyekundu ya kale ina mionzi kweli? Niitupe?*

Ndiyo, ina oksidi ya urani. Usiitupe. Homer Laughlin ya West Virginia ilianza kuuza vyombo hivi vya mezani 1936. Nyekundu ilisimamishwa 1943 serikali ilipochukua urani kwa ajili ya vita, ikarudi 1959 ikiwa na urani iliyopunguzwa nguvu, ikakoma 1972. Ikikaa rafuni ni salama. Usiilie chakula, hasa chenye limau au siki, usiikwangue wala kuipiga msasa. Glezi nyingi za enzi zile zina risasi pia, kwa hiyo katazo la kulia linahusu rangi zote.

*Nataka kumpelekea mama Mombasa vyombo viwili ndani ya pipa la meli. Nivifungeje?*

Vikaushe kabisa kwanza. Chenye nyufa kikifungwa na unyevu ndani ya plastiki hutoka jasho safari nzima na kufika na madoa. Kwa hiyo kitambaa cheupe cha pamba au karatasi nyeupe igusane na glezi, kamwe lisiwe gazeti, wino wake hushika kwenye glezi isiyong'aa. Jaza ndani kwa karatasi iliyolegea bila kushindilia. Plastiki ya vipovu ifuate, selotepu ikae juu ya plastiki tu. Kila chombo kiwe na boksi lake, na boksi hilo liingie ndani ya boksi kubwa lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa vizuri. Yakae katikati ya pipa, nguo chini, nguo juu, na sufuria zisipande juu yake. Mwambie mama akivitoa ashike kitako na mwili, asivinyanyue kwa mikono ya pembeni ya vyombo, na akitaka kuweka maua mabichi aweke bilauri ndani, kwa sababu maji yatapenya kwenye nyufa na kuharibu meza.