Kwa Nini Tunamrudia Mtu Yule Yule: Barua kwa Binti Yangu

Umoja, Nairobi

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mama yako naye ameisoma. Unauliza kwa nini watafiti watumie miaka ishirini, hata hamsini, kuwafuatilia watu wale wale tangu wanapozaliwa, ilhali wangeweza kuwaendea vijana wa leo wenye umri wa miaka ishirini, wakawauliza walilelewaje, na kazi ikaisha kwa mwezi mmoja na kwa fedha kidogo. Umeniuliza mimi kwa sababu unakumbuka kwamba ulipokuwa mdogo nilifanya kazi ya kuhoji watu nyumba kwa nyumba huko Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Nitaanza na niliyoyaona mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye nilimkuta akimenya viazi mlangoni pake. Nilimuuliza kitinda mimba wake aliachishwa kunyonya akiwa na umri gani, akanijibu kwamba ni miezi tisa, kwa kuwa alilazimika kurudi kwenye kibarua kiwandani. Baada ya miaka miwili nilirudi kwake na swali lile lile, naye, bila kusita hata kidogo, akaniambia kwamba yule mtoto alinyonya mwaka mmoja na nusu. Hojaji ya kwanza ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mama huyo hakuwa mwongo. Katikati alikuwa amepata mtoto mwingine, na malezi ya hao wawili yakaingiliana katika kumbukumbu zake. Kama ningefika mara ya pili tu, ningeandika jibu hilo nikiwa na uhakika kamili. Sasa fikiria kumuuliza kijana wa miaka ishirini jambo ambalo mama yake mwenyewe alilisahau ndani ya miaka miwili tu.

Swali la kunyonyesha si dogo. Katika mji wa Pelotas, kusini mwa Brazil, watafiti waliwaandikisha watoto 5,914 waliozaliwa hai mwaka 1982, na habari za kunyonya zikaandikwa watoto wakiwa bado wadogo. Miaka thelathini baadaye walionyonya kwa muda mrefu zaidi walionekana kuwa na masomo zaidi na kipato kikubwa zaidi. Ninaloliheshimu mno katika utafiti huo ni hili: katika nchi nyingi tajiri, akina mama wenye uwezo ndio wanaonyonyesha kwa muda mrefu, kwa hiyo huwezi kujua kama ni maziwa au ni mali iliyomfaa mtoto. Pelotas ya wakati ule, akina mama wa hali zote walinyonyesha, maskini kwa matajiri, na kwa hiyo watafiti waliweza kuyatenganisha hayo mawili vizuri zaidi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito kuitaja. Ukiwakusanya vijana wa miaka ishirini wa mtaa fulani, umewakusanya waliobaki hai. Wale waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano hawamo ukumbini, na huenda hao ndio waliokuwa na jibu lako. Aidha, ukimlinganisha mtu wa miaka ishirini na wa miaka arobaini siku moja, hulinganishi umri peke yake. Huyu wa arobaini alianza shule wazazi wakilipa karo, na huyu wa ishirini alizaliwa baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003. Wamekulia Kenya mbili tofauti, na tofauti yao usiiite uzee.

Lakini faida yote hiyo inasimama juu ya jambo moja, na hilo ndilo nililotaka hasa kukuandikia. Ni lazima umpate tena mtu yule yule.

Siku moja nilifika kwenye ploti nikakuta mlango wa familia niliyoitafuta uko wazi na chumba kitupu, msumari wa kalenda ukiwa bado ukutani. Jirani alisema kwamba walihama usiku kwa sababu ya kodi. Niliandika "amehama" na kwenda nyumba iliyofuata. Msimamizi wangu alipoiona fomu hiyo jioni, aliniuliza nani huhama usiku. Sikuwa na la kumjibu. Alinieleza kwamba mwenye kazi ya kudumu na kodi iliyolipwa nitamkuta kila mwaka, na kwamba nikiwaacha wanaotoroka kodi, baada ya miaka kumi takwimu zangu zitaonyesha mtaa unaoendelea vizuri, kumbe nimewapoteza walioshindwa. Kesho yake nilirudi kwa mlinzi wa ploti, kwa mwenye kioski, na kwa kanisa ambalo mama yule alikuwa akisali, na siku ya nne nikampata katika mtaa wa Kayole.

Wanaofanya kazi hii vizuri hulijua jambo hilo kuliko lolote. Huko Dunedin, New Zealand, kuna utafiti wa watu 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 45, kati ya 997 waliokuwa bado hai, 938 walishiriki, wengine wakilipiwa nauli ya ndege kutoka ng'ambo. Huko Soweto na Johannesburg, Afrika Kusini, watafiti waliwaandikisha watoto 3,273 waliozaliwa katika majuma saba ya mwaka 1990, miezi michache baada ya Mandela kutoka gerezani. Mradi uliitwa Kuzaliwa hadi Kumi, na watoto walipovuka umri huo ukaitwa Kuzaliwa hadi Ishirini. Wengi waliopotea walipotea katika miaka ya mwanzo, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo. Hapa Nairobi, APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, kilipoanza mwaka 2002 kuwafuatilia wakazi wa mitaa ya Korogocho na Viwandani, pamoja na vizazi na vifo kiliandikisha pia anayehamia na anayehama, kwa sababu katika mitaa ya mabanda kuhama ni sehemu ya maisha.

Umeuliza pia kama ni haki kumfuatilia mtu tangu utotoni. Mzazi ndiye anayetoa idhini mtoto akiwa mchanga, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalitambua hilo. Lakini mtoto huyo akishakuwa mtu mzima ni lazima aulizwe upya, naye akisema hapana aachwe, hata kama kumbukumbu zake ni za miaka kumi na minane. Mimi naongeza kwamba arudishiwe matokeo kwa lugha anayoielewa. Nimeona watu wakihojiwa mwaka baada ya mwaka bila kuambiwa lolote, nao wakaanza kufunga milango, sikuwalaumu.

Sasa, kuhusu kikundi chenu cha utafiti na wale wanafunzi 60 wa mwaka wa kwanza mnaotaka kuwafuatilia hadi wahitimu: hojaji uliyonitumia ina kurasa tisa za maswali na mstari mmoja tu wa nambari ya simu. Laini hubadilishwa. Chukueni nambari yake, ya mzazi, na ya jamaa asiyeishi naye, pamoja na jina analoitwa nyumbani, kwa maana kijijini huenda jina la kitambulisho halijulikani. Mziulize upya kila mara mnapokutana, na katika bajeti mtenge nauli ya kuwatafuta watakaoacha masomo. Ukija wikendi njoo na hojaji hiyo, tuipitie pamoja tukianzia ukurasa wenye mstari huo wa simu.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi,
Baba yako