Soya sosi na asali zinaingia MWISHO, usije ukaunguza kama mimi

Dada toa hizo mboga kwenye bakuli sasa hivi, komenti nyingine utasoma baadaye. Unasema umeloweka karoti, brokoli na bilinganya kwenye soya sosi na asali tangu asubuhi, jioni unaziingiza kwenye oveni ya nyuzi 220, halafu unauliza uzile na mchele gani na kama mafuta ya ufuta yana mbadala. Hapo kwenye kuloweka ndipo penye kilio.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, wageni wanane, wakwe humo humo. Kilo mbili za mboga, tangawizi, kichwa kizima cha kitunguu swaumu, mafuta ya ufuta niliyoyanunua kwa bei ya kukaba koo. Hata robo saa haijaisha jiko zima moshi, nafungua, karoti nje mkaa, ukiing'ata ndani kach, mbichi kabisa, bilinganya zinaelea kwenye uji mweusi mchungu. Trei niliisugua siku mbili nikaishia kuitupa. Na mimi si mgeni jikoni jamani, pilau langu watu wanalifuata na hotpoti zao!

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video fupi, eti changanya kila kitu, tupia kwenye oveni, dakika 25 tayari, na zake zinatoka zinang'aa. Zile zilipakwa sosi baada ya kuiva! Nikamuuliza, akafuta swali langu. Neno moja tu lingeokoa chakula cha watu wanane, inaniuma mpaka leo.

Asali imejaa sukari ya matunda, inaanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, oveni yako iko 220, na karoti nene inataka karibu nusu saa kulainika, sasa piga hesabu nani anatangulia kuungua. Chumvi ya soya sosi nayo inavuta maji kwenye bilinganya, na mboga iliyolowa haiokeki, inachemka. Wajapani wenyewe kwenye nasu dengaku, ile bilinganya yao ya miso (rojo ya soya iliyochachushwa), wanaivisha bilinganya kwanza ndio wanapaka miso tamu na kuirudisha motoni kidogo tu.

SOSI MWISHO. Mboga kavu, mafuta ya alizeti, zisibanane kwenye trei, karoti zitangulie, brokoli ifuate. Zikilainika na kushika rangi ndio upake soya sosi, asali, tangawizi na kitunguu swaumu, rudisha dakika tatu umesimama hapo hapo, simu ikiita iache iite. Mafuta ya ufuta matone tu, zikishatoka.

Hizo zako zilizolowa zichuje, zikaushe kwa kitambaa vizuri, bilinganya zikamue taratibu. Ule mchuzi usimwage, uchemshe kwenye sufuria ndogo mpaka uwe mzito, ndio utakaopaka. Wageni wanafika saa ngapi?