Maswali na majibu: damu ya kichanga mwenye hali ya Down

*Mwanangu kazaliwa juzi, ana hali ya Down. Muuguzi ataka damu yake ipimwe Lamu, mama mkwe asema hatutoki hadi arubaini. Kuna haraka gani?* – Mama, Faza

Mwanangu, haraka ipo. Arubaini naiheshimu, na mimi nimeikaa, lakini kipimo hiki, hemogramu, yaani kuhesabu chembe za damu, hufaa kifanywe ndani ya siku 3 za mwanzo. Watoto wenye hali ya Down, yaani wenye kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya 21 ya ziada, huzaliwa mara nyingi na chembe nyekundu nyingi mno, damu ikawa nzito, au na upungufu wa chembe sahani zinazogandisha damu. Takriban mmoja katika 10 hukutwa na chembe nyeupe changa zilizozidi. Huenda akanyonya na kulala vyema, usione kitu. Mfunike kwa leso, mpande boti na mama mkwe mwenyewe, mkimaliza mrudi ndani.

*Twaambiwa chembe nyeupe changa zimejaa. Ni saratani ya damu?* – Baba, Langoni

Pole sana, ndugu yangu. Kwenye darubini zafanana, ila mwenendo wake ni mwengine. Jeni iitwayo GATA1 huharibika mtoto akiwa tumboni, na wengi hupona bila dawa, aghalabu ndani ya miezi 3. Wachache huzidiwa: tumbo hujaa kwa ini kuvimba, manjano huongezeka, pumzi huwa nzito. Hao hulazwa, na wengine hupewa dawa kwa dozi ndogo. Ukiona vidoa vyekundu kwenye ngozi, vibonyeze kwa kidole. Visipofifia, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kuche.

Akipona, tafadhali msiiache kliniki. Kati ya waliopitia hali hii, mmoja hivi katika 5 hupata leukemia, saratani ya damu yenyewe, kabla ya kutimiza miaka 4. Leukemia hiyo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema.

*Ni kwa kuwa tumeoana binamu?* – Mama, Mkomani

Hapana. Kromosomu hiyo huzidi kwa nasibu, mara nyingi yai la mama linapoumbika. Wala si jicho la mtu.

*Wangu ana miaka 2, hajambo. Niangalie nini?* – Bibi, Shela

Bibi, mtazame unapomwogesha: viganja vilivyopauka, michubuko na hakuanguka, homa isiyokwisha. Ukiona kimojawapo, omba hemogramu siku hiyo hiyo.